Kijani Kwenye Mawe Meusi: Vidokezo vya Mwani kwa Bustani za Goma

Kulima Goma ni kulima juu ya moto uliopoa. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 1977, ikarudi tarehe 17 Januari 2002 na kupita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, kisha tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena na kusimama Buhene, ukingoni mwa mji. Ndiyo maana jembe letu hugonga jiwe kabla halijafika popote, na ndiyo maana bustani nyingi za hapa zimo kwenye magunia, mabeseni mabovu na vitalu vilivyozungushiwa mawe ya lava. Mbolea ya dukani ni ghali. Karoti na shu za Kibumba, viazi na maharagwe ya Masisi na Rutshuru hupanda bei kila barabara inapofungwa. Kitalu cha lengalenga uani si pambo. Ni chakula cha jioni.

Mwani, yaani ule uhai wa kijani unaoteleza kwenye mawe ya ufukweni, unaogeuza rangi ya maji ya beseni lililosahaulika juani, ni msaidizi mzuri wa bustani kama hizo. Msaidizi, si mchawi. Ukiujua unachoweza na usichoweza, utakufaa sana.

1. Jua kwanza jiwe linakunyima nini

Lava yetu si maskini. Ina potasiamu, kalisi, magnesi na fosforasi, na ikisagika vizuri hutoa udongo ambao watu wa nchi nyingine wangetamani kuupata. Kinachokosekana kwenye lava changa ni nitrojeni, ile inayofanya majani yawe ya kijani kibichi na mapana. Nitrojeni haitoki kwenye mwamba. Imejaa hewani, lakini lengalenga haiwezi kuivuta kutoka huko. Lazima kiumbe kingine kiikamate kwanza na kuigeuza iwe chakula.

Nenda kwenye lava ambayo haijajengwa, ya Nyiragongo au ya volkano jirani ya Nyamulagira, uangalie ule utando wa kijivu wenye manyoya mafupi. Hiyo ni likeni, jamii ya Stereocaulon. Likeni ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, na hii ina vijumba vidogo vinavyohifadhi mwani wa buluu-kijani, fundi wa kunasa nitrojeni ya hewa. Likeni inakufa, inaoza, vumbi linanasa humo, kangaga wanaota, baadaye vichaka. Kabla hajatokea mtu wa kushika jembe, mwani ulikuwa umeshaanza kulima Goma.

2. Tofautisha mwani wa kijani na mwani wa buluu-kijani

Hapa ndipo watu wengi hudanganywa na wauzaji. Mwani wa kijani wa kawaida, kama klorela, haunasi nitrojeni ya hewa. Unakula ile uliyoiweka majini, unaihifadhi mwilini, halafu ukifia udongoni unaiachia polepole. Anayenasa ya hewani ni baadhi ya mwani wa buluu-kijani, ambao wataalamu huuita sayanobakteria. Mwaka 1939 mwanasayansi wa Kihindi P. K. De alionyesha kwamba mashamba ya mpunga yenye maji hubaki na rutuba mwaka hadi mwaka kwa sababu ya viumbe hao. Katika mpunga, kazi yao hukadiriwa kuwa kilo 20 hadi 30 za nitrojeni kwa hekta kwa msimu. Kiasi hicho si kidogo kwa kazi isiyolipwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba maji yake ya kijani "yanatengeneza mbolea kutoka hewani", muulize ni mwani gani. Akikosa jibu, hifadhi pesa zako.

3. Usiende kuvua kijani kwenye Ziwa Kivu

Kivu ni ziwa safi kwa macho. Katikati yake mtu huona chini hadi mita 5 hivi, dalili kwamba mwani ni mchache juu. Chakula kingi cha mwani kimelala vilindini, pamoja na gesi ya methani, na hakipandi ila kidogo. Upepo wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, ndio unaokoroga maji na kuinua sehemu ya chakula hicho. Hapo mwani aina ya diatomu huongezeka, wadudu wadogo wa majini huula, na samaki wadogo wa sambaza huwala wadudu hao. Sambaza wenyewe waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Mama wa soko la Kituku anayekupimia bakuli la sambaza anakuuzia, kwa njia ndefu, mazao ya mwani.

Uuache huo mwani kwa samaki. Unachohitaji kutoka ziwani ni maji tu, na ni maji yanayofaa: yana ubikaboneti mwingi, ambao mwani hutumia kujipatia kaboni, na pH yake ni 9 hivi, jambo ambalo mwani mwingi hauchukii.

4. Lac Vert: tazama kwa mbali

Ziwa dogo la kreta upande wa magharibi wa mji, lililopewa jina kwa rangi yake ya kijani, linavutia mtu anayetafuta mwani. Usishuke kwenye mashimo na mabonde ya huko, wala ya Bulengo na Mugunga, ukiwa na ndoo alfajiri. Mazuku yako pale. Gesi ya kaboni dayoksidi hutoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, hutuama mahali pa chini usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo, na haina rangi. Imeua watu, mbuzi na mbwa. Hakuna mboga inayostahili hatari hiyo.

5. Fuga mwani wako uani

Tafuta beseni pana au bidoni ya lita 20 iliyokatwa ubavuni, ilimradi maji yasizidi kina cha sentimita 30. Mwanga haupenyi mbali kwenye maji yaliyokwisha kuwa kijani. Jaza maji ya ziwa au ya mvua. Kama ni maji ya bomba yenye dawa ya klorini, yaache wazi juani siku nzima kwanza.

Tia kikombe kimoja cha mkojo wa sungura kwa lita 20. Huna sungura? Funga konzi mbili za kinyesi kikavu cha sungura au simbilisi kwenye kitambaa, uzamishe, utoe baada ya siku 2. Ongeza jivu la kuni, kijiko kimoja tu cha chai. Kisha tia mbegu: kikombe cha maji ya kijani kutoka kwenye bwawa la samaki, au utando uliokwanguliwa kwenye mdomo wa tangi la mvua.

Weka mahali penye jua la asubuhi. Koroga mara 2 kwa siku, kwa sababu mwani uliotuama chini hukosa mwanga na kuanza kuoza. Funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu ili mbu wasitage. Hatulimi lengalenga ili tuvune malaria. Usiku wa Goma ni wa baridi, basi subira: wiki 2 hivi, na katika siku za mawingu zaidi ya hapo.

Harufu nzuri ya mwani ni ya majani mabichi au ya ziwa. Ikinuka yai bovu, umetia chakula kingi mno. Mwaga kwenye shimo la mboji, anza upya kwa nusu ya kipimo.

6. Pima kwa mkono

Wafuga samaki wana kipimo kisichohitaji chombo. Zamisha mkono bwawani, kiganja kikiwa kimekunjwa kwa juu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, kijani kinatosha. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, maji ni mazito mno. Usiku mwani utamaliza oksijeni na samaki watapanda juu kutafuta hewa.

Kwenye beseni la kina kifupi tumia kijiko cheupe: kikizama kiasi cha vidole vinne na usikione tena, vuna. Chota theluthi moja tu ya maji, rudisha maji mapya na robo ya kikombe cha mkojo wa sungura. Beseni moja linaweza kukulisha miezi.

Mwenye bwawa la tilapia ana bahati zaidi. Maji yake ni mbolea tayari, pamoja na kinyesi cha samaki. Akimwagilia mboga kwa maji hayo badala ya kuyaacha yatiririke, ametumia chakula kimoja mara mbili.

7. Piga hesabu kabla hujatupa samadi

Maji ya kijani yaliyokolea vizuri nyumbani huwa na nusu gramu hivi ya mwani mkavu kwa lita. Bidoni nzima ya lita 20, basi, ina gramu 10. Mwani mkavu una nitrojeni ya asilimia 8 hivi. Matokeo: gramu 0.8 za nitrojeni kwa bidoni. Gramu 2 za urea zina zaidi ya hiyo.

Nimeiweka hesabu hii hapa kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaohubiri kwamba mwani unafuta haja ya samadi, na mkulima mwenye magunia kumi akiwasikiliza atavuna majani ya njano. Samadi iliyooza, mboji na maganda ya maharagwe hubaki kuwa chakula kikuu. Faida ya mwani iko kwingine. Miili yake laini hulisha vijidudu vya udongoni, na hao ndio wanaosaga samadi iwe chakula cha mizizi. Ute wake hugandisha chembe za udongo ili maji ya mvua yasipite moja kwa moja kwenye changarawe ya lava. Na mwani una viasili vinavyofanana na homoni za mimea, vinavyochochea mizizi, kwa viwango vidogo sana.

Ukiwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu mwezi huu, fanya mboji. Ukiwa na nafasi ya mawili, mwagia mboji hiyo maji ya kijani.

8. Mimina chini, usinyunyize majani yanayoliwa mabichi

Maji yaliyopitia kinyesi cha mnyama hubeba vijidudu. Mji huu unakijua kipindupindu vizuri, hasa tangu 1994, na hakijawahi kutuacha moja kwa moja. Mimina kwenye shina, juu ya udongo, jioni au asubuhi. Lengalenga na sombe hupikwa sana, hofu ni ndogo, lakini saladi, nyanya na karoti za kutafuna ziache kabisa bila maji hayo wiki 4 za mwisho kabla ya kuvuna. Nawa mikono kwa sabuni.

9. Ogopa utando mzito unaoelea

Ukiona juu ya maji utando wa kijani-buluu kama rangi ya ukuta iliyomwagika, wenye harufu ya matope yaliyooza, usiuguse, usimwagilie, usimnyweshe mbuzi. Mwani wa aina ya Microcystis hutoa sumu ya ini. Kisumu, kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, wanaufahamu vizuri: uchafu wa mji na mbolea ya mashambani hutiririka ziwani na maji yanageuka uji. Sumu hiyo inaweza kuingia kwenye mboga iliyomwagiliwa, na kuchemsha hakuiondoi.

Beseni linaloshukiwa halina dawa. Mwaga shimoni mbali na kisima, sugua beseni, likauke juani, tafuta mbegu nyingine.

10. Jaribu azola

Azola si mwani. Ni kangaga mdogo anayeelea. Lakini ndani ya kila jani lake amepanga mwani wa buluu-kijani, Anabaena, anayelipa kodi kwa nitrojeni ya hewa. Hapa ndipo beseni lako linapoanza kuleta kitu kipya badala ya kuzungusha kile ulichokitia. Katika hali nzuri azola huongezeka maradufu ndani ya siku 3 hadi 5. Vietnam na China wameitumia kwenye mpunga kwa karne nyingi, na wakulima wa mpunga wa bonde la Ruzizi wangenufaika nayo vilevile.

Uani Goma, iweke kwenye beseni la maji ya sentimita 10, lenye kivuli cha mchana, konzi ya samadi iliyooza na konzi ya udongo. Ikishafunika beseni, chota nusu kila wiki. Tandaza juu ya udongo wa gunia, au ichanganye na mboji. Kuku nao huipenda. Usiitupe ziwani wala mtoni. Hukua haraka, na itafunika maji ya watu.

11. Maji ya mwani wa bahari ya chupa: nunua kwa macho mawili

Maduka ya pembejeo ya mipakani huuza chupa nyeusi zenye maji ya mwani wa baharini. Bidhaa hizi si za jana; Uingereza ziliuzwa tangu miaka ya 1950, na Afrika Kusini hutengeneza yake kutoka kwa Ecklonia maxima, mwani mkubwa wa pwani ya Cape. Zanzibar nako wanawake wa Paje na Jambiani wamelima mwani kwa biashara tangu 1989, ingawa mwingi huuzwa nje ukiwa mkavu kwa viwanda vya vyakula na vipodozi.

Chupa ya aina hii haina nitrojeni ya maana. Ina viasili vya kuchochea mizizi na sukari ngumu zinazoamsha kinga ya mmea, na hivyo mmea huvumilia ukame na mshtuko wa kuhamishwa. Zaidi ya kipimo huumiza badala ya kusaidia. Kwa hiyo:

Soma lebo. Iwe na jina la mwani, kipimo cha kuchanganya na tarehe. Chupa isiyo na lebo, hata ikiuzwa kwa faranga chache, iache.

Itumie pale inapolipa: kuzamisha mizizi ya miche ya shu, kitunguu au nyanya siku ya kupandikiza, na kunyunyiza tena mmea unapokaribia kutoa maua. Kununua chupa ya kunyunyiza lengalenga linalovunwa baada ya wiki 4 ni kupoteza pesa.

12. Jenga udongo kwa tabaka

Magharibi mwa Ireland kuna visiwa vitatu vya Aran. Kisiwa kikubwa, Inis Mór, ni mwamba wa chokaa mtupu. Watu wake walibeba mchanga na mwani wa bahari mgongoni, wakaumwaga juu ya mwamba tabaka kwa tabaka, wakajenga kuta za mawe kuzuia upepo, na baada ya vizazi wakawa na mashamba ya viazi mahali ambapo hapakuwa na udongo. Sisi hatuna mwani wa bahari. Mombasa na Dar es Salaam ziko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Lakini kuta za mawe tunazo, na njia ni ileile.

Kwenye kitalu chako juu ya lava, anza na changarawe nyepesi ya volkano kwa ajili ya kupitisha maji. Juu yake maganda ya maharagwe, majani ya mgomba yaliyokatwakatwa, samadi. Kisha udongo mweusi, hata ukiwa wa kununua na kuletwa kwa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Mwagia maji ya kijani kila tabaka hadi liwe na unyevu. Funika kwa majani makavu, kwa sababu mwani na vijidudu hufa udongo ukikauka kabisa. Acha wiki 4 kabla ya kupanda. Mwaka wa kwanza panda maharagwe: mizizi yake nayo hunasa nitrojeni kwa msaada wa bakteria. Ondoa maganda, rudisha mabua. Katika msimu unaofuata weka mboga za majani.

Jambo moja kuhusu maji ya Kivu: yana chumvi kidogo, gramu moja na ushee kwa lita. Bustani iliyo wazi husafishwa na mvua, lakini gunia lililo chini ya paa hukusanya chumvi hiyo. Lisogeze kwenye mvua mara kwa mara.

13. Usilitibu gonjwa kwa kijani

Mnyauko wa migomba uliripotiwa Masisi mwaka 2001, na bado unakula mashamba. Hakuna mwani unaouponya. Kata shina linaloumwa usawa wa ardhi, choma panga kwenye moto kabla ya kugusa jingine, ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda. Mildiu ya viazi nayo haisikii maji ya kijani. Inataka mbegu safi, nafasi kati ya mimea, na ushauri wa agronomu mapema, siku ya madoa ya kwanza.

14. Jaribu kwa magunia mawili, si kumi

Chukua magunia mawili yenye udongo uleule na samadi sawa. Panda lengalenga siku moja. Moja lipe lita 1 ya maji ya kijani kila wiki, jingine lita 1 ya maji matupu. Yaweke sehemu moja, yapate jua sawa. Siku ya kuvuna, pima kila fungu kwenye mizani ya jirani wa dukani, kisha chimbua mmea mmoja kwa kila gunia uangalie mizizi: urefu, wingi wa nyuzi ndogo, na kama udongo unang'ang'ania au unamwagika mkavu. Rudia msimu wa pili, ukibadilisha magunia nafasi. Kama lile la kijani linashinda mara zote mbili, ongeza beseni. Kama yanalingana, weka nguvu zako kwenye mboji na azola, na maji ya kijani mwachie kuku anywe kivulini ilimradi hayana ule utando.